Mji Unaokalika, Unaodumu na Unaostahimili: Maneno Matatu Yasiyopatana Kila Mara

Mwaka 2003 mjini Seoul mafundi walianza kubomoa barabara kuu ya juu iliyokuwa ikikata katikati ya mji, na chini yake wakakifukua kijito cha Cheonggyecheon ambacho kwa miongo kadhaa kilikuwa kimezikwa chini ya zege. Ilipofika Oktoba 2005 maji yalikuwa yanapita tena kwa urefu wa karibu kilomita 6 mahali palipokuwa pakinguruma magari, watu wakitembea kandokando yake mchana na usiku, na vipimo vikaonyesha kwamba hewa ya kando ya kijito ilikuwa na joto dogo kwa nyuzi kadhaa kuliko hewa ya barabara za jirani. Tangu wakati huo mradi huo umekuwa ukitajwa karibu kila wapangaji miji wanapokutana. Lisilotajwa sana ni kwamba kijito hicho kingekuwa kikavu kwa sehemu kubwa ya mwaka kama si pampu zinazokiletea takriban mita za ujazo 120,000 za maji kila siku, mengi yake kutoka Mto Han, na kwamba wafanyabiashara wadogo wengi waliokuwa wakijipatia riziki kwenye mitaa ile walilazimika kuhama.

Je, ulikuwa mradi mzuri? Anayetazama namna watu wanavyoishi atajibu ndiyo bila kusita. Anayehesabu umeme unaotumika kusukuma maji yale usiku na mchana atataka kujua kwanza umeme huo unazalishwa kutokana na nini. Anayefikiria mafuriko atasema kwamba mto ulio wazi, wenye kingo pana, hupitisha maji mengi kuliko mto uliofungiwa ndani ya handaki, kwa hiyo mji umepata kinga. Hayo ni majibu matatu kwa mradi mmoja, na tofauti zake hazitokani na ubishi wa watu bali na ukweli kwamba tunapotaka mji ukalike, udumu na ustahimili, tunataka mambo matatu ambayo yanapimwa kwa vipimo visivyofanana. Makala hii inajaribu kuyatenganisha, kwa sababu mipango mingi ya miji huyataja kwa pumzi moja kana kwamba anayepata moja huwa ameyapata yote.

Maneno yasiyozaliwa nyumba moja

Lengo la 11 la Maendeleo Endelevu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, linazitaka nchi kuifanya miji na makazi ya watu kuwa jumuishi, salama, stahimilivu na endelevu. Sentensi hiyo inasomeka vizuri, lakini maneno yake yametoka mbali na yamefika kwa njia tofauti. Uendelevu, kwa maana inayotumika leo, ulienea baada ya mwaka 1987, pale tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilipoueleza kuwa ni maendeleo yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Ustahimilivu ulitoka kwa wanaikolojia. Mwaka 1973 mwanasayansi wa Kanada, C. S. Holling, alieleza kwamba kuna tofauti kati ya mfumo unaorudi upesi pale ulipokuwa baada ya kutikiswa na mfumo unaoweza kupokea mtikisiko mkubwa, ukabadilika, na bado ukaendelea kufanya kazi yake. Msitu uliozoea moto mdogo wa mara kwa mara unaweza kuonekana umevurugika kila mwaka, na bado ukadumu kuliko msitu uliolindwa usiguswe na cheche hata moja hadi siku kuni zilizolundikana chini yake zinaposhika moto zote kwa pamoja.

Neno la tatu, kukalika, halikuhitaji wanazuoni. Ni lugha ya mtu anayetafuta nyumba: je, maji yanatoka bombani, usafiri upo, hewa inavutika, mtoto anaweza kwenda shule kwa miguu bila kugongwa, kodi inalipika?

Tofauti kubwa kati ya haya matatu ni ya wakati. Kukalika kwa mji kunaonekana leo asubuhi. Uendelevu wake utajulikana na watu ambao hawajazaliwa. Ustahimilivu wake utajulikana siku moja mbaya ambayo hakuna ajuaye tarehe yake, na siku hiyo isipotokea katika kipindi cha uongozi wa meya fulani, fedha alizotumia kujiandaa nayo zitaonekana kama zimepotea bure. Ninavyoona mimi, hapo ndipo ulipo ugumu wa kisiasa wa jambo hili, kuliko katika uhaba wa teknolojia au wa mawazo. Aliyejenga bustani hupongezwa na wanaopumzika humo, ilhali aliyezuia maafa hana wa kumshukuru, kwa kuwa hakuna aliyeona maafa yenyewe.

Mvua ya miaka mia

Ili kuelewa kwa nini nyakati zetu zinaitwa nyakati za mashaka, ni vyema kuanza na mtaro wa maji ya mvua. Mhandisi anayechora mtaro huuliza swali moja kabla ya mengine yote, nalo ni mvua kubwa kiasi gani. Hulijibu kwa kutazama kumbukumbu za mvua za miaka iliyopita, kisha huchagua kiwango, kwa mfano mvua inayotarajiwa kutokea mara moja katika miaka 10, au mara moja katika miaka 100. Jina hilo la mwisho limewapotosha wengi. Mvua ya miaka mia haina miadi ya kuja kila baada ya karne. Maana yake ni kwamba katika mwaka wowote uwezekano wa kunyesha mvua ya ukubwa huo, au zaidi, ni asilimia 1, na mwaka unaofuata uwezekano ni huo huo hata kama mwaka uliopita ilikwisha kunyesha. Mtu anayeishi miaka 30 katika nyumba iliyo kwenye eneo la mafuriko ya aina hiyo ana uwezekano wa karibu asilimia 26 wa kuyaona walau mara moja, na ni wachache sana ambao wangenunua nyumba hiyo kama wangeelezwa kwa lugha hiyo.

Hesabu hii yote inasimama juu ya dhana moja kwamba kumbukumbu za jana ni mfano wa kesho. Dhana hiyo imevunjika kwa sababu mbili, na moja tu kati yake ndiyo inayozungumzwa sana. Ya kwanza ni mabadiliko ya tabianchi. Hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ndio unaoshuka kama mvua kubwa ya ghafla. Ya pili ni mji wenyewe. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye hekta moja ya ardhi humwaga lita 500,000 za maji. Palipo na udongo na miti, sehemu kubwa ya maji hayo huzama, nyingine hunaswa na majani, na kinachobaki huteremka polepole. Palipo na lami, mabati na saruji, karibu yote huteremka, tena kwa mara moja. Kwa hiyo mtaro uliokuwa unatosha wakati bonde lilipokuwa shamba hautatosha bonde likijazwa majengo, hata kama mvua haikubadilika kwa tone moja.

Mji wa Copenhagen nchini Denmark uliupata ukweli huu kwa gharama kubwa tarehe 2 Julai 2011, pale mvua iliyofikia karibu milimita 150 katika baadhi ya sehemu ilipomwagika kwa muda wa saa mbili hivi na kusababisha hasara ya takriban kroni bilioni 6. Mwaka uliofuata mji ulipitisha mpango wa mvua za ghafla wenye miradi karibu 300 ya kutekelezwa kwa miaka mingi. Ndani yake kulikuwa na uamuzi ambao wahandisi wa kizazi cha nyuma wangeushangaa: badala ya kulazimisha maji yote yaingie kwenye mabomba makubwa zaidi, barabara fulani ziinamishwe kwa makusudi ili zigeuke mito kwa saa chache, na bustani zichimbwe ziwe mabeseni ya kuyashikilia maji hadi mabomba yapate nafasi. Rotterdam ilikuwa na fikra hiyo hiyo ilipofungua uwanja wa Benthemplein mwaka 2013, ambao siku za jua ni mahali pa kuchezea mpira na siku za mvua ni bwawa. Katika miradi ya namna hii maneno yetu matatu yanakubaliana, na ndiyo sababu picha zake hupendwa.

Lakini picha nzuri zina hatari yake. China, baada ya mafuriko yaliyoua watu 79 mjini Beijing mwezi Julai 2012, ilianzisha mpango wa miji ya sifongo, yaani miji yenye ardhi inayofyonza maji, na Zhengzhou ulikuwa miongoni mwa miji iliyowekeza fedha nyingi katika mpango huo. Tarehe 20 Julai 2021 mji huo ulinyeshewa milimita 201.9 kwa saa moja. Sifongo lolote lina mwisho wa kufyonza. Mamia ya watu walikufa, 14 kati yao wakiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi iliyoendelea kusafirisha abiria wakati maji yanapanda, na uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka uliofuata uliwalaumu viongozi kwa kutochukua hatua kwa wakati licha ya tahadhari za watabiri wa hali ya hewa.

Wapo waliosema kwamba tukio hilo lilithibitisha ubatili wa bustani na madimbwi. Hilo ni kosa, kwa maana hata mabomba ya zege yangefurika siku ile. Jambo ambalo Zhengzhou unalionyesha ni kwamba kila kinga ina kipimo chake, na kwamba mji unaostahimili ni ule uliokwisha kujiuliza kitatokea nini kipimo hicho kikipitwa. Kuna kushindwa kunakoharibu mazulia na kuna kushindwa kunakoua, na tofauti kati ya hayo mawili mara nyingi haiko kwenye ukubwa wa mtaro. Iko kwenye mambo madogo yasiyopigwa picha, kama vile nani ana mamlaka ya kusimamisha treni, na kama ataadhibiwa akiisimamisha na mvua isinyeshe.

Ubanifu na ziada

Hapa tunafika mahali ambapo uendelevu na ustahimilivu huvutana waziwazi. Uendelevu hupenda ubanifu, yaani kutumia kidogo kwa matokeo mengi, bila kupoteza tone wala wati. Ustahimilivu hupenda ziada, yaani njia ya pili ya kuvuka mto, tangi lililojaa ambalo halitumiki, daktari wa zamu ambaye usiku huu hana mgonjwa. Kwa macho ya mkaguzi wa hesabu, ziada na ubadhirifu ni ndugu wanaofanana sana.

Ukosefu wa ziada ulijidhihirisha katika jimbo la Texas, Marekani, Februari 2021. Baridi kali iligandisha mitambo ya gesi na ya umeme kwa pamoja. Vituo vya umeme vilikosa gesi, na baadhi ya mitambo ya gesi ilikosa umeme wa kuendeshea pampu zake, kila upande ukiudhoofisha mwingine. Mitambo ya kusafisha maji nayo ilizimika, mamilioni ya watu wakaambiwa wachemshe maji ya kunywa wakati hawakuwa na moto wa kuyachemshia. Gridi ya jimbo hilo kwa makusudi haikuunganishwa kwa kiwango kikubwa na gridi za majimbo jirani, hivyo hapakuwa na pa kukopa, na hesabu rasmi ilifikia vifo zaidi ya 200. Mji, kama mfano huu unavyoonyesha, ni mkufu wa huduma zinazotegemeana: umeme husukuma maji, maji hupoza mitambo ya umeme, simu huhitaji vyote viwili, na hospitali huhitaji vyote vitatu. Anayekagua kila huduma peke yake anaweza kuzipa zote alama nzuri bila kugundua kwamba zote zinaning'inia kwenye kituo kimoja cha umeme kilichojengwa bondeni.

Singapore ilichagua njia ya ziada kwa sababu za historia yake. Kwa kuwa ni kisiwa kidogo kilichokuwa kikitegemea sana maji ya kununua kutoka Malaysia kwa mkataba wa mwaka 1962 unaokoma 2061, imejijengea vyanzo vinne: maji ya mvua yanayokingwa ndani ya kisiwa, maji ya Malaysia, majitaka yaliyosafishwa upya, ambayo yalianza kuuzwa rasmi mwaka 2003, na maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Viwili vya mwisho ni ghali kwa umeme kuliko viwili vya kwanza. Mtu wa uendelevu ana haki ya kulalamika, na mtu wa ustahimilivu ana haki ya kumwuliza kama angependa kuwa na bomba moja tu mkataba ukifika mwisho.

Mfano wa Cape Town una mafunzo magumu zaidi, nami nadhani haujachunguzwa inavyostahili. Mji huo ulikuwa umepewa tuzo ya kimataifa mwaka 2015 kwa juhudi zake za kuhifadhi maji, na hapo hapo ukaingia katika miaka mitatu ya ukame. Karibu maji yake yote yalitoka kwenye mabwawa yanayotegemea mvua. Februari 2018 kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, na matumizi ya mji mzima yakashuka kwa zaidi ya nusu yakilinganishwa na yale ya mwaka 2015, ikiwa ni mojawapo ya punguzo kubwa kuliko yote yaliyopata kufikiwa na mji mkubwa. Mvua ilirejea na mabomba hayakufungwa. Lakini tazama kilichobaki nyuma. Mji uliokwisha kuziba mivujo na kuwafundisha watu kuoga kwa ndoo hauna tena cha kupunguza kirahisi ukame mwingine ukija, maana mafuta yamekwisha kukatwa na sasa kisu kinagusa nyama. Idara ya maji, ambayo hujiendesha kwa kuuza maji, ilipata mapato kidogo katika mwaka ule ule iliohitaji fedha nyingi za kuchimba na kujenga. Wenye uwezo walichimba visima vyao, wakapunguza kununua maji ya mji, na mzigo wa kuendesha mfumo mzima ukawaelemea zaidi waliobaki. Ubanifu ulikuwa jambo jema na la lazima, na kila hatua yake ilipunguza kidogo akiba ya siku ijayo.

Joto huua kimya

Mafuriko hupigwa picha, na joto halipigiki. Lakini wimbi la joto la Ulaya la mwaka 2003 lilihusishwa na vifo vya ziada zaidi ya 70,000, takriban 15,000 kati ya hivyo nchini Ufaransa, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Miji huumia zaidi kuliko mashamba kwa sababu kuta na lami hunywa joto mchana kutwa na kulitema usiku, hivyo mwili wa mwanadamu, ambao unahitaji saa chache za ubaridi ili upumzike, hunyimwa mapumziko hayo.

Dawa ya haraka ni kiyoyozi, nayo inatuonyesha mvutano mwingine. Kiyoyozi hakiangamizi joto, kazi yake ni kulitoa chumbani na kulitupa mtaani, kikiongezea na lile linalozalishwa na mashine yenyewe. Aliye ndani anakaa vizuri na aliye nje anazidi kuungua, na wote wakiwasha kwa wakati mmoja gridi ya umeme huelemewa siku ile ile ambayo kuzimika kwake kunaua. Hata hivyo kumkataza mgonjwa wa moyo kuwasha kiyoyozi kwa ajili ya tabianchi ni ukatili, na sijui mpangaji yeyote mwenye akili timamu anayependekeza hivyo. Kinachopendekezwa ni kupunguza haja yake kwa miti, vivuli, mapaa meupe na majengo yanayopitisha upepo, kazi ambazo huchukua miaka, ilhali joto haliingoji.

Chicago ulitoa ushahidi wa aina nyingine. Mwezi Julai 1995 joto liliua zaidi ya watu 700 mjini humo. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alipolinganisha mitaa, alikuta miwili iliyopakana, yote ikiwa na wazee wengi maskini, ambayo viwango vyake vya vifo vilitofautiana kwa takriban mara kumi. Katika mtaa uliopoteza watu wachache, barabara zilikuwa na maduka na watu, na mzee aliweza kutoka nje, akakaa mahali penye ubaridi, akaonekana. Katika mtaa uliopoteza wengi, viwanda vilikuwa vimefungwa, nyumba zimeachwa tupu, maduka yameondoka, na wazee waliogopa kufungua hata madirisha. Hakuna mita ya kupima jambo hili katika ofisi ya mhandisi, lakini duka la kona na benchi lililo kivulini vilikuwa sehemu ya miundombinu ya kuokoa maisha sawasawa na bomba la maji. Baada ya tetemeko la Kobe la Januari mwaka huo huo, lililoua zaidi ya watu 6,400, sehemu kubwa ya waliotolewa hai chini ya vifusi walitolewa na ndugu na majirani kabla vikosi rasmi havijafika.

Ahmedabad nchini India ni mfano wa kuchanganya haya bila gharama kubwa. Baada ya joto la Mei 2010, ambalo lilihusishwa na vifo vya ziada zaidi ya 1,300, mji huo ulitoa mwaka 2013 mpango wa kukabiliana na joto, wa kwanza wa aina yake katika Asia ya Kusini: tahadhari zinazotolewa siku kadhaa kabla, wauguzi waliofundishwa kutambua dalili, maji ya kunywa sehemu za umma, na baadaye mapaa ya nyumba za maskini kupakwa chokaa nyeupe. Mpango wa aina hii unategemea zaidi simu, ratiba na watu wanaojua wajibu wao.

Wale ambao ramani haiwaoni

Zaidi ya watu bilioni moja duniani wanaishi katika makazi yasiyo rasmi, mara nyingi kwenye mabonde, kingo za mito na miteremko, kwa sababu ardhi salama ilikwisha kuchukuliwa na wenye fedha. Mipango mingi ya ustahimilivu huanza kwa kuwahamisha. Hoja ya usalama ni ya kweli. Huko Freetown, Agosti 2017, mlima uliporomoka baada ya mvua kubwa na watu zaidi ya elfu moja walikufa au kupotea. Lakini anayehamishiwa kilomita 30 kutoka anapopata kibarua huuza nyumba aliyopewa na kurudi bondeni, kwa sababu mafuriko huja mara moja kwa mwaka na njaa huja kila jioni.

Njia nyingine ni kuboresha watu wakiwa pale pale walipo. Katika eneo la Orangi mjini Karachi, mradi ulioanzishwa mwaka 1980 na Akhtar Hameed Khan uligawa kazi kwa namna iliyo rahisi kuieleza: wakazi wa kila uchochoro wajichangie na kujijengea choo cha nyumbani na bomba la majitaka la uchochoro wao, na serikali ishughulike na mabomba makuu yanayoyapokea. Makumi ya maelfu ya kaya ziliunganishwa kwa gharama iliyokuwa sehemu ndogo tu ya makadirio ya wakandarasi. Sharti lililofichika ni hakika ya umiliki, kwa kuwa mtu anayeogopa tingatinga la kesho hazamishi akiba yake ardhini.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba uboreshaji nao huhamisha watu, ila kwa upole. Mtaa uliopata bustani na njia za baiskeli hupanda bei, kodi hufuata, na waliovumilia mavumbi huondoka kabla ya kufaidi vivuli. Wien (Vienna), mji mkuu wa Austria, ambako karibu nusu ya wakazi wanaishi katika nyumba za manispaa au zenye ruzuku, haupati tatizo hili kwa ukali ule ule, na hiyo ndiyo sababu ninasita kuuita mpango wowote wa kupanda miti kuwa mpango wa kukalika kama hausemi lolote kuhusu kodi za nyumba.

Kuhusu msongamano niseme machache tu, kwa kuwa umezua maneno mengi tangu janga la korona la mwaka 2020. Wingi wa watu kwa kila kilomita ya mraba na wingi wa watu katika chumba kimoja ni mambo mawili. Wa kwanza hufupisha safari na kuyafanya mabasi na treni yalipe, kwa hiyo hupunguza moshi. Wa pili hueneza magonjwa. Mji unaweza kuwa na maghorofa mengi na vyumba vyenye nafasi, au kutapakaa chini kwa chini huku watu wanane wakilala chumba kimoja.

Kuamua bila kujua

Kama kesho haijulikani, mji ujenge ukuta wa kimo gani? Ukijenga mfupi unaweza kufurikwa, na ukijenga mrefu unaweza kuwa umezika bure fedha za shule na zahanati. London ilipata jibu ambalo limeigwa kwingine. Kizuizi cha mto Thames, kinachofanya kazi tangu mwaka 1982, kitafika siku kisitoshe, lakini hakuna anayejua bahari itapanda kwa kasi gani. Mpango uliotolewa mwaka 2012, unaotazama hadi 2100, haukuchagua kimo kimoja. Uliorodhesha hatua zinazowezekana, ukaeleza kila hatua inatosha hadi bahari ifike kiwango gani, na inachukua miaka mingapi kuijenga, kisha ukaweka utaratibu wa kupima na kupitia upya. Uamuzi kuhusu kizuizi kipya umepangwa kufanywa ifikapo 2040 ili ujenzi ukamilike ifikapo 2070. Ardhi ambayo huenda ikahitajika inalindwa isijengwe kitu kingine. Kuilinda hakugharimu sana leo, na kuikomboa kesho kungegharimu mno.

Utaratibu huu unadai kitu kimoja ambacho miji mingi haina, nacho ni kupima kwa miaka mingi mfululizo bila kuchoka, kazi isiyo na utepe wa kukata. Jakarta inaonyesha gharama ya kutoifanya. Wakazi wengi, kwa kukosa maji ya bomba, wamechimba visima, ardhi imeshuka kadiri maji ya chini yanavyovutwa, na takriban asilimia 40 ya mji sasa iko chini ya usawa wa bahari. Kuta za ufukweni hupandishwa, na ardhi inazidi kudidimia nyuma yake. Mwaka 2022 Indonesia ilipitisha sheria ya kuhamishia makao makuu ya serikali kwenye kisiwa kingine.

Tokyo ulikuwa katika njia hiyo hiyo. Sehemu zake za mashariki zilikuwa zimezama kwa zaidi ya mita 4 wakati sheria za miaka ya 1960 na 1970 zilipobana uvutaji wa maji ya chini, viwanda vikapewa maji kutoka vyanzo vingine, na ardhi ikatulia. Vipimo viliendelea, na vikaleta habari ambayo hakuna aliyeipanga. Maji ya chini yalianza kupanda tena, na kituo cha treni za mwendo kasi cha Ueno, kilichochimbwa chini ya ardhi wakati maji yale yalipokuwa mbali, kikaanza kusukumwa kuelekea juu kama mtumbwi mtupu. Wahandisi walikipakia maelfu ya tani za chuma ili kisielee, kisha wakakifunga kwa nanga zilizozamishwa ardhini, na maji yaliyo chini yake yanaendelea kupimwa hadi leo.